Doa la Namba Tatu

Katika mji wa Dürrenweiler hapakuwa na mtu ambaye Ottmar Kächele hakumdharau. Alikuwa fundi wa dohani, msafishaji wa mabomba ya moshi ya eneo zima, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na kofia ndefu nyeusi, ngazi, brashi ya chuma na pua iliyoelekea juu. Sheria ilimpa haki ya kuingia kila nyumba na kushuka kila chumba cha chini, kwa hiyo alijua watu walivyo kule ambako hawapigi deki. Alijua kwamba mwalimu mkuu, ambaye kanisani aliimba kwa sauti kuliko kinanda, alichoma barua za mwanamke mmoja wa Ulm ndani ya jiko la kuni. Alijua mke wa daktari wa meno huchoma nepi. Haya hakumwambia mtu, wala hakuhitaji kusema. Alikutazama tu barabarani, akashusha macho taratibu mpaka kwenye viatu vyako, nawe ukajua amekumbuka dohani yako.

Watu hao hao aliowadharau walimgombania. Kwao fundi wa dohani ni bahati inayotembea. Ukikutana naye asubuhi unagusa kifungo cha koti lake, na akikupaka masizi kidogo puani basi mwaka wako umenyooka. Tatizo ni kwamba makaa ya mawe yalikwisha ondoka vyumbani, yakaja maboila ya mafuta, mitambo ya kupasha nyumba joto, na maboila ya mafuta hayamchafui fundi kama zamani. Ottmar angeweza kumaliza nyumba tano akabaki safi kama karani wa benki, na karani wa benki haguswi vifungo na mtu. Kwa hiyo alibeba mfukoni kikopo cha masizi, na kila asubuhi kabla ya kuingia mtaani alijipaka mashavuni kwa vidole viwili, kama bibi harusi anayejipaka poda. Halafu akawacheka moyoni wale waliomgusa. Nani alistahili kuchekwa zaidi, hilo hakujiuliza.

Lakini kazi yake hasa siku hizo haikuwa brashi tena. Ilikuwa pampu. Pampu yenyewe ilikuwa ya mkono, ya shaba, baba yake aliinunua mwaka 1958, na mbele yake ulichomekwa mrija mrefu mweusi. Unaingiza ncha ya mrija ndani ya bomba la moshi, unabana kipande cha karatasi nyeupe mahali mrija unapokutana na pampu, unavuta mara kumi, polepole, bila pupa. Moshi unapita, masizi yanabaki kwenye karatasi, na ukiitoa unakuta doa la mviringo. Doa hilo unalilinganisha na kadi yenye vivuli kumi, kuanzia sifuri ambayo ni nyeupe mpaka tisa ambayo ni nyeusi tititi. Kwa boila la zamani sheria ilivumilia mpaka mbili. Tatu ilikuwa kosa.

"Masizi hayasemi uongo," Ottmar alikuwa akisema kila mara, kidole juu, kama mtu aliyezungumza na masizi ana kwa ana.

Hongo hakula, hilo lazima lisemwe. Mwenye nyumba angemwekea mezani chupa ya pombe kali ya matunda, naye angeipita kama aliyepita mbwa aliyelala. Uaminifu wake ulikuwa wa kweli kabisa, na ndio uliomfanya asivumilike. Mla rushwa angalau anajua ana dhambi.

Basi mkewe, Rosl, alifariki msimu wa kuchipua wa mwaka 1984. Walikaa pamoja miaka ishirini na sita bila mtoto na, ukimsikiliza Ottmar, bila ugomvi, maana yake ni kwamba alisema yeye na Rosl akanyamaza. Na tangu msimu wa baridi uliofuata, Ottmar aliona jambo la ajabu: mji ulianza kuchafuka. Nyumba zilizopata moja miaka yote zikapata mbili. Zilizopata mbili zikapata tatu. Mwaka 1985 ulikuwa mbaya, wa 1986 mbaya zaidi. Kwenye baa ya Mwanakondoo, kwenye ile meza ya pembeni ambayo wasio wenyewe hawaikalii, alilieleza jambo hilo kila Jumamosi mchana mbele ya glasi yake ya mvinyo wa tufaha.

"Watu wameoza," alisema. "Hawasafishi vichomeo, wananunua mafuta ya ovyo, wanadhani fundi hana macho. Toka Rosl afe, huu mji umekuwa mchafu."

Wenzake walitazama glasi zao. Walidhani ni majonzi, na mtu mwenye majonzi habishiwi. Miaka mitatu wanaume watano wenye akili timamu walikaa na sentensi ile mezani kila Jumamosi, na hapakuwa na hata mmoja aliyeisikia.

Huku maboila yakiendelea kuanguka. La mwoka mikate liling'olewa, la shule ya chekechea likang'olewa, na mengine tisa. Fundi wa kufunga maboila mapya alinenepa. Mpaka mwaka 1987, mwezi wa kumi, Ottmar alipovuka ua na kuingia kwa jirani yake.

Jirani huyo alikuwa Kreszentia Hummel, ambaye kila mtu alimwita Zenzi, mjane wa miaka sabini na moja. Boila lake lilifungwa na marehemu mumewe, Alois, kwa mikono yake mwenyewe, mwaka 1966, na Zenzi alilipangusa kila Ijumaa kama watu wanavyopangusa picha ya marehemu. Ottmar alivuta mara kumi, akapata tatu. Alirudi baada ya fundi wa vichomeo kulisafisha lote. Akapata tatu. Sheria ilimpa mjane wiki sita na nafasi moja ya mwisho. Akipata tatu mara ya mwisho, fomu inakwenda ofisi ya wilaya na boila linafungwa kwa lakiri.

Na boila likifungwa, Zenzi anaondoka, hilo halikuwa siri. Kufunga jipya hakuwa na uwezo. Mwanawe alikuwa Stuttgart, ghorofa ya sita, na mke wa mwanawe alikwisha mwandalia chumba chenye mashine ya kufulia, akapima hata mapazia. Nyumba ingeuzwa kabla theluji haijayeyuka. Zenzi alizaliwa katika nyumba ile na alikusudia kufia humo, na sasa kilichokuwa kinaamua kati ya nyumba hiyo na mashine ya kufulia kilikuwa doa moja la kijivu kubwa kama kifungo cha shati.

Juu, kwenye chumba cha paa, Zenzi alikuwa na mpangaji, Daktari Swantje Lührsen, mwanamke wa miaka thelathini na kitu kutoka pwani ya kaskazini. Alikuwa mkemia katika kiwanda kimoja kule bondeni. Watu wa Dürrenweiler humwita kila mtu wa kaskazini kichwa cha samaki, na Ottmar alimwita hivyo bila hata kupunguza sauti. Swantje aliposikia habari ya wiki sita, alileta kutoka kazini chupa ya kimiminika cha rangi ya chai ya rangi iliyokolea na kukimimina ndani ya tangi la mafuta.

Ottmar aliziona habari hizo kuwa kichekesho cha mwaka. Siku ya kipimo cha mwisho, Alhamisi asubuhi mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, alishuka ngazi za chumba cha chini na sanduku lake la pampu, mashavu yamepakwa vizuri. Zenzi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa gauni la kanisani. Swantje alisimama karibu na boila, amekunja mikono.

"Habari za asubuhi, Bi Hummel," akasema Ottmar.

Huyu alikuwa jirani yake wa ua kwa ua kwa miaka ishirini na tisa. Akiwa bustanini alimwita Zenzi. Akishika fomu, alimwita Bi Hummel.

"Nzuri, bwana fundi," akajibu Zenzi. "Umependeza. Umejipaka mwenyewe au umepakwa?"

Ottmar akamgeukia mkemia. "Nasikia tangi limepewa dawa. Linaumwa nini? Tumbo?"

"Si dawa," akasema Swantje. "Ni kichocheo. Ni chuma kidogo sana kilichoyeyushwa ndani ya mafuta."

"Chuma! Ndani ya mafuta!" Ottmar akamtazama Zenzi kana kwamba anamwonea huruma. "Kesho atakutilia misumari."

"Masizi ni nini, bwana fundi?"

"Binti, mimi nimekula masizi kabla hujazaliwa."

"Umeyala, ila nauliza ni nini. Ni mafuta yaliyoshindwa kumaliza kuungua. Kaboni imebaki, haikupata joto la kutosha kuungana na hewa, ikatoka kama ilivyo. Kile chuma kinakaa pamoja na kaboni pale kwenye moto, na kikiwepo, inaungua hata kwa joto dogo zaidi. Kichocheo ni mshenga. Anawakutanisha hao wawili, wao wanaoana, yeye harudi nyumbani na bibi harusi."

"Na mshenga huyo alialikwa na nani?"

"Na mimi," akasema Zenzi kutoka kwenye ndoo. "Nyumba yangu, tangi langu, harusi yangu. Pima."

Ottmar akapima. Hata Swantje, ambaye hakuwa na sababu ya kumpenda, alikiri kwamba mikono ile ilijua kazi. Alingoja boila lishike moto sawasawa, akaingiza mrija, akabana karatasi, akavuta mara kumi kwa utulivu wa mtu anayekamua ng'ombe mzee. Akafungua. Akaisogeza karatasi kwenye taa, akaiweka juu ya kadi, akaitazama kwa muda kuliko ilivyohitajika, maana alitaka watazame wakati anatazama.

"Tatu," akasema.

Zenzi aliangalia boila, si Ottmar. Aliweka kiganja juu ya bati lake lenye joto, akakiacha hapo.

"Masizi hayasemi uongo," Ottmar akaongeza, kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko dharau. Akatoa fomu na kalamu.

"Ngoja." Swantje alikwisha zima kichomeo. Akafungua mlango wa boila, akaingiza tochi. "Njoo uone, bwana fundi. Njoo na macho yako yaliyokula masizi."

Ottmar akainama. Miaka yote ndani ya maboila alizoea kuona weusi, laini, mnene, unaoshika vidole. Ndani ya boila la Alois hapakuwa na weusi. Kuta zilifunikwa vumbi jepesi la rangi ya kutu, kama matofali yaliyosagwa. Alipitisha kidole. Kikatoka chekundu.

"Hicho ndicho chuma," akasema Swantje. "Kimemaliza kazi, kimekaa chini. Sasa niambie, kama ndani hamna masizi, haya ya kwenye karatasi yametoka wapi?"

"Yamekwenda na moshi."

"Yote? Hata punje moja haikubaki nyuma?"

"Mimi ninapima," akasema Ottmar. "Sibahatishi. Pampu hii ilinunuliwa na baba yangu."

"Inakaguliwa lini?"

Hapo alikasirika. Vipimo vyake vingine, vile vya gesi na vya joto, alivipeleka kukaguliwa mara mbili kwa mwaka kama sheria inavyotaka. Pampu hakuipeleka. Pampu ya baba ikakaguliwe na vijana wa ofisini? "Pampu hii," akasema, "ilikaguliwa na baba."

"Basi fanya hivi. Toka nje. Vuta hewa mara kumi. Hewa tupu."

"Siwezi kufanya mzaha wakati wa kazi."

"Unaogopa," akasema Zenzi.

"Naogopa nini mimi?"

"Sijui. Wewe ndiye unayesema hayasemi uongo. Nenda kaulize basi."

Mtu kama Ottmar humtoi nje kwa ushahidi, unamtoa kwa neno kama lile. Alipanda ngazi kwa vishindo, kofia ndefu ikagonga boriti, akatoka mpaka katikati ya bustani, pale penye mti wa tufaha. Asubuhi ilikuwa safi, umande umeganda mweupe juu ya majani. Akaelekeza mrija kwenye matawi matupu, akabana karatasi mpya, akavuta mara kumi, kwa nguvu na kwa hasira. Wale wanawake wawili walisimama mlangoni. Akafungua, akatazama, na safari hii hakuwaonyesha. Ikabidi Swantje aende mwenyewe kuitoa karatasi vidoleni mwake na kuiweka juu ya kadi.

Tatu.

"Haya," akasema Zenzi. "Uandikie mti wa tufaha barua, bwana fundi. Uambie una wiki sita."

Akacheka, na kicheko kilipoisha akakuta analia, akajifuta kwa mkono wa gauni la kanisani. Ottmar alikuwa bado anaukodolea macho mti. Halafu akageuza mrija, akauinua dhidi ya mwanga na kuchungulia ndani yake, kitu ambacho alikuwa hajakifanya maishani mwake. Hakuona upande wa pili. Aliugonga kwenye kiganja, na kutoka ndani ikadondoka ganda jeusi, halafu jingine, masizi ya nyumba mia nne yaliyokauka moja juu ya jingine. Hayo ndiyo aliyokuwa akiwagawia watu, kila nyumba fungu lake, halafu akawaandikia kosa.

"Haiwezekani," akasema. "Miaka ishirini na sita haikuwa hivi. Ulikuwa safi. Siku zote ulikuwa safi."

"Ulikuwa safi kwa sababu ulisafishwa," akasema Zenzi.

"Na nani?"

Zenzi akamtazama kuona kama anafanya mzaha. Hakuwa anafanya mzaha. "Na Rosl, Ottmar," akasema, na jina la bustanini likarudi lenyewe. "Na nani mwingine? Kila Jumamosi ukienda Mwanakondoo. Maji ya moto na sabuni, na ile brashi yake ya kusafishia chupa. Akimaliza anautundika kwenye kamba, hapo, kati ya mashuka na soksi zako. Jioni anaurudisha kwenye sanduku. Mimi nilikuwa nauona kila wiki kutoka jikoni kwangu. Nilidhani unajua."

"Hakuniambia."

"Alikuambia. Mwaka ule mlipooana. Alisema, Ottmar, huu mrija unahitaji kuoshwa. Ukamwambia vyombo vya kazi si vyombo vya jikoni. Alikuja kunisimulia hapa, tukacheka sana. Basi akawa anauosha bila kukuambia."

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa nyani mwenye kofia ndefu na haki ya kuingia kila nyumba. Alikuwa amepita vyumba vya chini vya mji mzima akinusa siri za watu, na siri ya kwake mwenyewe ilikuwa ikianikwa juani kila Jumamosi, imebanwa kwa vibanio viwili, majirani wote wakiiona.

Waliuosha kwa Zenzi, kwenye sinki la kufulia. Maji yalitoka meusi mara tano. Kisha Swantje akawasha boila, likashika moto, na Ottmar akavuta tena mara kumi. Kwenye karatasi hapakuwa na doa. Palikuwa na kivuli cha doa, ambacho ungelazimika kuambiwa kipo ili ukione. Hata kwenye kadi hakikufika moja. Ottmar alikitazama muda mrefu. Akaandika sifuri kwenye fomu, na chini yake jina lake, na Zenzi akaichukua fomu ile akaikunja akaitia kifuani, ndani ya gauni.

"Mshenga wako," Ottmar akamwambia Swantje bila kumtazama, "amejitahidi."

Ungedhani habari imeishia hapo kwa heri, na kwa Zenzi iliishia. Mke wa mwanawe huko Stuttgart ilibidi atafute kazi nyingine ya mapazia. Lakini Ottmar alikuwa mwaminifu, na mtu mwaminifu akigundua kosa lake huwa kero maradufu. Kesho yake alitoka, hajajipaka, mashavu meupe kama unga, akaenda kwa nyumba zote kumi na moja alizoziangushia boila.

Alianza kwa mwoka mikate, Eugen Bitzer.

"Eugen," akasema, "boila la baba yako. Huenda lilikuwa zima."

Bitzer akaweka chini trei ya mikate. "Zima vipi?"

"Kosa lilikuwa la mrija wangu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Sikiliza, fundi." Bitzer akatazama dukani kama kuna wateja, akashusha sauti. "Lile boila nililitukana mbele ya watu. Nililiita takataka. Niliwashusha majirani wote chini waje waone hili jipya, nikawapa na keki. Mke wangu anaogea maji ya moto nusu saa. Sasa wewe unataka nimwambie nani kwamba nilitupa kitu kizima?"

"Nataka ujue ukweli."

"Nimeshajua. Sasa nenda nao." Na kabla Ottmar hajageuka, Bitzer akanyoosha mkono wenye unga na kugusa kifungo cha koti lake, kwa ajili ya bahati.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa karibu kila mahali. Mwalimu wa chekechea alisema watoto wamekwisha chora picha za boila jipya. Mwenye duka la viatu alidai kuwa siku zote alijua la zamani ni bovu, fundi asijisumbue. Watu hawa, ambao kwa miaka walinung'unika chini kwa chini kwamba Kächele anawaonea, walipoletewa haki yao mlangoni waliitazama kama chuma chakavu wanachoogopa kuachiwa. Kati ya wote ni mzee mmoja tu, Xaver Nägele wa kinu cha zamani, aliyemtukana vizuri, kwa dakika kumi, akianzia kwa baba yake, na matusi yale Ottmar aliyapokea kofia mkononi. Aliiandikia hata ofisi ya wilaya. Wiki kadhaa baadaye wakamjibu kwamba fomu zote kumi na moja zilijazwa ipasavyo na hakuna mwananchi aliyelalamika.

Lakini Jumamosi ya wiki ile ile ya kipimo hakwenda Mwanakondoo. Alichukua pampu, akashuka kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe. Boila lake lilipimwa kila mwaka na fundi mwenzake wa eneo jirani, naye hupima la huyo mwenzake, na kipimo chenyewe kilikuwa kahawa, kipande cha keki na namba moja iliyoandikwa bila pampu kutoka kwenye sanduku. Hakuna asiyejua, na hakuna fundi aliyewahi kuliona kuwa aibu. Sasa alivuta mara kumi kwa mrija safi. Akapata nne.

Alicheka peke yake, kicheko kifupi cha kikohozi. Kisha akapanda jikoni, akachemsha maji, akaipekua droo ya Rosl mpaka akaipata ile brashi ya chupa, nyuma kabisa, manyoya yake yameingia weusi usiotoka. Aliiona brashi ile kwa mara ya kwanza. Aliosha mrija polepole, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana ulikwisha oshwa juzi. Halafu akatoka nao bustanini kwenye kamba ya Rosl, ambayo tangu afe haikuwa imeanikwa kitu, akatafuta vibanio viwili, akautundika.

Zenzi alikuwa upande wa pili wa ua, anafagia majani makavu.

"Habari za mchana, Zenzi," akasema.

"Nzuri, Ottmar."

Akasimama pale. Watu wote walikuwa wakimuomba yeye, yeye hakuwahi kumuomba mtu. "Ile chupa," akasema mwishowe. "Ya yule kichwa cha... ya Daktari Lührsen. Imebaki?"

"Imebaki nusu. Ya nini?"

"Langu lina nne."

Zenzi akaacha kufagia. Alikuwa na mengi ya kusema, na ungeona usoni kwake yanavyosukumana mlangoni. Alimtazama mtu yule aliyesimama hana kofia wala masizi, mikono imekuwa myekundu kwa maji ya moto, na nyuma yake mrija unaning'inia kwenye kamba tupu.

"Nitakuletea," akasema. "Lakini hivyo umeutundika vibaya. Umeushika katikati, maji yatabaki ndani. Rosl alikuwa akibana ncha moja tu, ile nyembamba, juu kabisa."

Ottmar akarudi kwenye kamba. Akaufungua mrija, akautundika upya kwa ncha nyembamba, na maji yaliyokuwa yamebaki ndani yakamshukia juu ya kiatu, safi.